Machimbuko sita ya Dragon Age: Origins, lipi tamu na lipi linachosha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Misingi

Chimbuko ni nini hasa katika gemu hili?

Dragon Age: Origins ilitolewa na BioWare mwezi Novemba 2009, na hilo neno la mwisho kwenye jina halikuwekwa kwa mapambo. Gemu nyingi za aina hii hukupa mhusika na aya mbili za maisha yake ya nyuma, usome ukitaka. Hili linakutaka uyaishi. Kuna machimbuko sita, kila moja la saa moja au mbili hivi: binadamu mtukufu, mchawi, elfi wa mjini, elfi wa Dalish (wahamaji wa porini), kibete asiye na tabaka na kibete mtukufu. Yote yanaishia kwa mtu mmoja, Duncan, mwenye ndevu na sauti ya upole, ambaye anakuchomoa kwenye balaa ulilomo na kukuingiza katika Walinzi wa Kijivu, kikosi kinachopigana na viumbe wa gizani.

Kila chimbuko lina jina la ukoo, na mashabiki huyatumia majina hayo kama mkato. Cousland ni binadamu mtukufu. Amell ni mchawi binadamu, Surana mchawi elfi. Tabris ni wa mjini, Mahariel ni wa Dalish, Brosca ni kibete wa chini na Aeducan kibete wa ikulu. Nitayatumia hivyo hivyo hapa chini.

Ukurasa huu utaniharibia uhondo?

Ndiyo, wote. Huwezi kulinganisha hadithi hizi bila kusema nani alimsaliti nani. Kama hujacheza, anza na jibu la "nichague lipi mara ya kwanza" kule mwishoni, kisha funga ukurasa, urudi ukimaliza.

Nani anaruhusiwa kuchagua lipi?

Binadamu ana mawili: Cousland au mchawi. Elfi ana matatu: mjini, Dalish au mchawi. Kibete ana mawili, yote ya Orzammar, mji wa vibete, na hawezi kuwa mchawi kabisa kwa sababu jamii yake haina uchawi. Ukitaka kurusha moto, basi chimbuko lako ni moja tu, la mnarani wanakofungiwa wachawi.

Chimbuko linabadili hadithi kuu?

Mifupa haibadiliki. Utafika ngome ya Ostagar, mfalme Cailan atakufa huko, jemadari wake Loghain ataondoa jeshi lake vita vikiwa vimepamba moto, utazunguka nchi ya Ferelden ukikusanya washirika, na mwisho utakutana na joka kuu mjini Denerim. Kinachobadilika ni nyama iliyo juu ya mifupa hiyo: nani anakuinamia, nani anatema mate ukipita, na nani anakuita kwa jina lako la utotoni.

Kigezo changu kinaanzia hapo, nikiseme mapema ili tusigombane bure. Silipimi chimbuko kwa machozi ya saa ya kwanza. Kumwua mama wa mhusika ni kazi rahisi kwa mwandishi yeyote. Nalipima kwa kinachotokea saa ishirini baadaye, ukirudi ulikotoka. Je, wanakukumbuka? Kuna mtu anakudai? Kuna mlango unaoogopa kuufungua? Chimbuko ambalo haliji kudai chake baadaye, kwangu ni utangulizi tu, hata kama lilinitoa machozi.

## Ninayoyapenda

Sema basi, lipi la kwanza?

Brosca, tena kwa mbali.

Umezaliwa Dust Town, vichochoro vya chini kabisa vya mji wa Orzammar. Usoni una alama ya wasio na tabaka, kwa hiyo huwezi kujificha hata gizani. Mama ni mlevi. Dada yako, Rica, ananunuliwa nguo na kufundishwa mienendo ya wakubwa na jambazi anayeitwa Beraht, kwa hesabu moja: apate mtukufu, amzalie mtoto wa kiume. Huko kijana wa kiume hurithi tabaka la baba, na mtoto akipanda, mama yake naye huvutwa juu. Na wewe unafanya kazi za huyo huyo Beraht, kwa sababu hakuna mwingine atakayekupa kazi.

Kipande ninachokirudia ni cha uwanjani. Beraht ameweka dau kwa mpiganaji anayeitwa Everd, na mmetumwa, wewe na rafiki yako Leske, kuhakikisha anashinda. Mnamkuta Everd kwenye chumba chake, amelewa chakari, hata kusimama hawezi. Leske anatazama deraya zake, anakutazama wewe. Basi unavaa. Kofia ya chuma inafunika ile alama, na unaingia uwanjani ambako mtu wa aina yako haruhusiwi hata kukanyaga. Unashinda pambano la kwanza, la pili, umati unashangilia jina lisilo lako. Halafu Everd mwenyewe anaingia akiyumba, na kila mtu anaelewa. Watu wale wale waliokuwa wakishangilia sasa wanataka ufungwe. Jukwaani, Duncan amekaa kimya anatazama.

Ni onyesho la dakika chache, na limekueleza mfumo mzima wa tabaka bila mtu kukuhutubia.

Deni lake linakuja unaporudi Orzammar ukiwa Mlinzi wa Kijivu. Alama bado iko usoni, lakini sasa wakubwa wanalazimika kukuongelesha. Dust Town humkuti Rica. Yuko ikulu, amevaa vizuri, na bwana aliyemchukua ni Bhelen, mwana wa mfalme (soma swali linalofuata). Leske naye utamkuta, ila yuko upande wa Jarvia, aliyerithi genge la Beraht, na amekwisha kuchagua. Unalazimika kupigana naye. Mara ya kwanza niliweka kidhibiti chini nikaenda kunywa maji, nikidhani labda kuna jibu la mazungumzo nililolikosa. Hapakuwa nalo.

Mbona Aeducan, kibete mtukufu, si wa kwanza? Wengi wanamsifu.

Yuko nafasi ya pili, na sababu ya kumpenda ni hiyo hiyo: Bhelen.

Ukiwa Aeducan wewe ni mtoto wa pili wa mfalme Endrin. Kaka yako Trian ni mkubwa, mkali na hana marafiki. Bhelen, mdogo wenu, anakunong'oneza kwamba Trian amepanga kukuua. Unaweza kukubali umwahi. Unaweza pia kukataa kabisa na kusema damu ya kaka yako hutaimwaga. Haisaidii. Utamkuta Trian ameshakufa, na kabla hujainuka, mashahidi wamefika. Unatupwa kwenye Barabara za Chini, mahandaki ya kale yenye viumbe wa gizani, ufe huko.

Sasa weka hadithi hizi mbili kando kwa kando. Kwa Aeducan, Bhelen ni mdogo wako aliyeua kaka na kukutwisha maiti, na baba yenu akafa baadaye kwa majonzi. Kwa Brosca, mtu yule yule ni shemeji. Ndiye baba wa mpwa wako, na ndiye sababu mama na dada yako hawalali tena Dust Town. Kisha gemu linakuuliza, katika machimbuko yote sita, nani awe mfalme wa vibete: Bhelen au mzee Harrowmont, mwungwana anayeshika ahadi zake.

Na halikusaidii kuchagua. Harrowmont ni mtu mwema anayetaka mambo yabaki yalivyo, maana yake wa Dust Town wabaki Dust Town. Bhelen ni muuaji anayewafungulia watu wa chini milango. Nilipocheza Aeducan nilimpa Harrowmont taji na kumwua mdogo wangu alipokataa kukubali, bila huruma hata kidogo. Nilipocheza Brosca nilimpa Bhelen, tena haraka, nikijua kila alichokifanya. Sijawahi kuona gemu lingine likinifanya nibadili hukumu ya mtu yule yule bila kubadili hata neno moja la anayoyasema.

Kinachomweka Aeducan nyuma kidogo ni mwanzo wake. Kuna karamu, itifaki, na majina ya koo yanakumiminikia kama mvua kabla hujajua nani ni nani. Ila mwisho wake ni mzuri, hasa pale unapomkuta Gorim, mlinzi wako wa zamani, akiuza silaha sokoni Denerim, ameoa, anangojea mtoto. Amejijengea maisha bila wewe. Inauma kwa namna ambayo Trian hakuuma.

Ni kweli chimbuko la elfi wa mjini linatisha?

Ndiyo, na ni vizuri ujue kabla hujaanza: kuna utekaji na ubakaji, ingawa tendo lenyewe halionyeshwi.

Ni siku ya harusi yako, katika mtaa waliofungiwa elfi mjini Denerim. Vaughan, mtoto wa mtawala wa mji, anaingia na marafiki zake kutafuta wanawake. Binamu yako Shianni anampiga chupa kichwani, anaanguka, wanaondoka. Halafu wanarudi wakati ndoa inafungwa, wakiwa na askari.

Kuna wakati ndani ya jumba lake ambapo Vaughan, akiona upanga wako una damu, anakupa sarafu 40 za dhahabu uondoke na umwachie wanawake hadi asubuhi. Gemu linaruhusu uzichukue. Mimi sijawahi, lakini kule kuwekewa tu chaguo hilo mezani kunaeleza jinsi mtu kama yeye anavyoiona bei ya mtu kama wewe.

Deni lake linarudi vizuri. Mtaa utaukuta umefungwa, na elfi wanauzwa utumwani kwa wafanyabiashara wa dola ya Tevinter kwa idhini ya Loghain. Shianni yupo, amebadilika, ndiye anayepaza sauti. Ukilinganisha na wengine, Tabris ndiye pekee ambaye chuki yake kwa wakubwa wa Ferelden haihitaji maelezo, na mbele ya baraza la wakuu, kila mstari wake wa mazungumzo una uzito.

Kwangu ni la tatu. Nalistahi kuliko ninavyolipenda, maana si la kurudia kwa raha.

Na Cousland? Si ndilo maarufu?

Ni maarufu kwa sababu linaeleweka mara moja: ngome ya Highever, baba na mama wema, kaka Fergus ameondoka jioni ile kwenda vitani, na usiku Rendon Howe, rafiki wa baba, anashambulia. Shemeji na mpwa wako wanauawa kitandani. Mama anashika upinde na kupigana kando yako hadi kwenye ghala la chakula alikolala baba akivuja damu, na hapo anakataa kuondoka. Ni chimbuko lililopangwa vizuri. Pia unapata mbwa mapema, jambo ambalo lisidharauliwe.

Shida yangu ni Howe. Trian ana sura mbili, Bhelen ana tatu, hata Loghain unaweza kumwelewa ukikaa naye. Howe ana moja. Anakufa akilalamika kwamba alistahili zaidi, na ndivyo alivyoishi. Kisasi chake ni kitamu kinywani, hakikai tumboni.

Faida yake kubwa iko kwingine: Cousland ndiye pekee anayeweza kuingia ikulu kwa ndoa. Mwanamke anaweza kuwa malkia kando ya Alistair, Mlinzi mwenzako mwenye damu ya kifalme, mwanamume anaweza kumwoa Anora, mjane wa Cailan. Kama unataka kumaliza na taji, hakuna njia nyingine.

## Yanayonichosha

Lipi unalipenda kidogo kuliko yote?

Mahariel, elfi wa Dalish. Najua nitatukanwa.

Hadithi yenyewe ni fupi. Wewe na rafiki yako Tamlen mnakuta pango, ndani kuna kioo cha kale. Tamlen anakigusa. Unazinduka kambini ukiwa na sumu ya viumbe wa gizani mwilini, Tamlen hayupo, na dawa pekee ni kujiunga na Duncan. Mandhari ni nzuri, maombolezo ya Tamlen yanagusa, na kiongozi wa kabila, Marethari, anakuaga kama mama.

Lakini tazama kinachokosekana. Hakuna uamuzi wowote ulioufanya ambao mtu atakuja kukuuliza. Hakuna adui, kuna ajali. Na kabila lako linahama. Baadaye gemu linakupeleka kwa elfi wa Dalish kweli, ila ni kabila lingine, watu usiowajua, na unajitambulisha kama mgeni. Tamlen anarudi mara moja, usiku kambini, akiwa ameharibika, anakuomba umuue. Ni dakika mbili nzuri sana. Ndizo peke yake.

Lakini kioo kile si kinakuwa jambo kubwa baadaye?

Kinakuwa kubwa, na hapo ndipo ninapokasirika zaidi. Katika nyongeza ya Witch Hunt ya 2010 vioo vya aina hiyo ndivyo kiini cha hadithi. Katika Dragon Age II ya 2011, Merrill, uliyeenda naye kumtafuta Tamlen, anatumia kipande cha kioo kile kile kujenga upya kilichokuwa kizima, na kabila lako lote limo ndani ya hadithi hiyo, Marethari akiwamo. Ila wewe humo. Anayetazama yote yakitokea ni Hawke, mhusika mkuu wa gemu hilo, binadamu asiyemjua hata Tamlen kwa jina.

Kwa hiyo deni la Mahariel lililipwa, tena kwa riba. Lilipelekwa tu nyumba ya jirani.

Wachawi je?

Katikati. Mwanzo wake ni bora kuliko wote kwa ufundi: unapelekwa usingizini kupambana na pepo, templa, askari wa Kanisa wanaowachunga wachawi, wamekuzunguka na panga wakikusubiri uharibike, na yule panya mpole anayekusaidia njia nzima ndiye pepo wa kiburi. (Neno letu "mchawi" lina ubaya ndani yake, na hapa linafaa kabisa, Kanisa la kule linawatazama kwa jicho hilo hilo.) Kisha Jowan, rafiki yako, anakuomba msaada wa kutoroka na mpenzi wake, na anakuficha jambo moja: kwamba amekwisha kujifunza uchawi wa damu.

Jowan anarudi, kwenye seli za ngome ya Redcliffe, akiwa amempa mtawala sumu kwa amri ya Loghain. Wahusika wote humkuta hapo, lakini kwa Amell au Surana si mfungwa tu, ni yule kijana wa bweni moja. Hilo ni deni halisi.

Linaloliangusha ni mnara wenyewe. Ukirudi nyumbani unakuta mapepo yamejaa, unadhani utaomboleza watu uliokua nao, kisha unavutwa tena usingizini kwa muda mrefu mno. Sehemu hiyo ilichosha watu hadi wachezaji wakatengeneza modi (nyongeza isiyo rasmi) ya kuiruka. Nimeitumia, na sioni aibu.

## Maswali ya pembeni

Nichague lipi mara ya kwanza?

Cousland kama hujui chochote kuhusu ulimwengu huu, maana hukufundisha polepole. Brosca kama unapenda kutupwa majini. Usianze na Aeducan; mwache awe wa pili baada ya Brosca, ili Bhelen akufanye alivyonifanya. Mpangilio wa kinyume nao unafanya kazi, ila huruma kwa Rica inakuja kwa shida ukishamchukia bwana wake.

Jinsia ya mhusika inabadili chimbuko?

Kwa Tabris sana. Ukiwa mwanamke, wewe mwenyewe unatekwa, na mchumba wako Nelaros anakuja kukuokoa pamoja na binamu Soris, Nelaros hafiki. Ukiwa mwanamume, wewe ndiye unayekwenda. Toleo la mwanamke ni zito zaidi na, kwa maoni yangu, limeandikwa vizuri zaidi.

Aeducan mwanamume anaweza kurudi Orzammar na kumkuta Mardy, mwanamke wa usiku mmoja, na mtoto asiye na jina la ukoo. Amell au Surana wa kike atagundua kwamba Cullen, templa kijana, alikuwa akimpenda kimyakimya. Cousland nimemtaja juu.

Nisipochagua chimbuko fulani, watu wake wanaenda wapi?

Wapo, na mambo yao yanaendelea bila Duncan kutokea. Bhelen anagombea taji, Trian ameshakufa. Jowan yuko Redcliffe. Kwenye seli za jumba la Denerim utamkuta Soris, amefungwa, na jirani yake Vaughan, hai, akiomba umfungulie na kukuahidi kura yake barazani. Mchezaji wa Cousland humfungulia bila kufikiri. Aliyewahi kucheza Tabris husimama mbele ya mlango huo muda mrefu.

Mbona gemu zilizofuata hazina machimbuko ya kucheza?

Dragon Age II ina Hawke tu, binadamu wa Lothering. Inquisition ya 2014 inakupa jamii nne na aya chache za maisha ya nyuma, za kusoma. The Veilguard ya 2024 ina makundi sita ya kuchagua, nayo yanajitokeza zaidi kwenye mazungumzo. Sababu ya wazi ni kazi: chimbuko la saa mbili linahitaji mji, waigizaji na maamuzi, na mchezaji anayemaliza mara moja ataona moja kati ya sita. Mhusika wa 2009 pia hakuwa na sauti kamili ya mwigizaji, kwa hiyo kumwandikia majibu tofauti kwa kila asili kulikuwa nafuu zaidi.

Naandika usuli wa mhusika wangu wa mchezo wa mezani. Niige lipi?

Usiige matukio. Iga Rica. Yaani mpe mhusika wako mtu mmoja aliye hai, ambaye maisha yake yanaweza kwenda mahali usipopataka, kisha mwachie mwendesha mchezo mtu huyo. Wengi huja mezani na kurasa nne za familia iliyoteketea kwa moto, na mwendesha mchezo hana hata mtu mmoja wa kumshika.

Wangu alikuwa kibete mfua vyuma, na usuli wake wote ulikuwa mistari mitatu: ana dada, waligombana kuhusu nyundo ya baba, yeye akaondoka na nyundo. Kikao cha tano tukafika kwenye lango la mji tusioujua, wenzangu wakabishana nani atoe rushwa. Mlinzi mkuu akavua kofia ya chuma, akaniangalia kiunoni, akauliza: "Hiyo nyundo umeipata wapi?"